Neno moja lilivyotikisa hukumu ya mamilioni

Hukumu ya mahakama ya rufaa ya Marekani ya Agosti 2011, kati ya August Technology na Camtek ya Israel, inadhihirisha jinsi thamani ya hati ya uvumbuzi inavyoweza kutegemea neno moja.

Mgogoro ulihusu mitambo inayokagua kwa kamera visahani vya silikoni vyenye chipu za kompyuta. Mwaka 2009, mahakama ya Minnesota iliiamuru Camtek ilipe takriban dola milioni 6.8.

Hati ilieleza kuwa mtambo hufundishwa kwa visahani visivyo na kasoro, zaidi ya kimoja. Mahakama ya chini ilitafsiri kuwa hata sehemu ya kisahani ni kisahani. Hivyo kimoja chenye chipu nyingi kilitosha. Majaji wa rufaa walikataa, wakisema lazima viwe visahani tofauti. Fidia ikatenguliwa, shauri likarejeshwa Minnesota.

Hilo halikuiokoa Camtek. Ilishindwa tena, na mwaka 2016 rufaa yake ikagonga mwamba. Hata hivyo msingi ulibaki: mvumbuzi hulindwa ndani ya mipaka aliyoiandika mwenyewe. Mahakama ikiipanua, mshindani aliyebaki nje yake huadhibiwa bila kosa.