Fensi Haitanifundisha Kutembea

Wasee wa Mata na Voi, angalieni haya majengo mapya. Mbele geti kubwa la magari. Pembeni njia ya vumbi inaishia kwa fensi. Hiyo njia imechorwa na miguu ya mama mboga, wanafunzi na wagonjwa. Halafu mnaweka bango: "Hakuna njia". Kweli?

Mnatuita wakaidi. Hata Nairobi ni vile vile. Thika Road ilizinduliwa 2012, na watu waliendelea kukatiza barabara chini ya madaraja ya waenda kwa miguu. Ukaidi? Zii. Kama daraja liko mbali, ngazi ni ndefu na una gunia kichwani, wewe ungepita wapi? Watu wanagongwa, na bado lawama ni zao.

Anayetembea anahesabu jasho. Jua la Mata si mchezo: mguu unafuata kivuli cha mwarobaini, pasipo na kivuli unakata kona. Kwa hivyo wewe mchora ramani, kabla ya kumwaga zege kaa hapo wiki nzima, saa za shule na siku ya soko. Weka mlango pale nyasi zimeshakufa, na baraza yenye paa ielekee huko. Ama uendelee kutandaza kabro za kupitwa na mbuzi. Sisi tutapita kwa fensi, kitobo tayari kiko.