MWANZO WA VULI: TUANGALIE SINEMA IPI?

Kila mwaka ifikapo Septemba, mawingu ya vuli yanapoanza kujikusanya juu ya Ziwa Victoria, ulimwengu wa sinema nao huingia katika msimu wake. Venice na Toronto hufanya matamasha yao, watengenezaji hutoa picha mpya, na watazamaji wa miji mikubwa hukaa wakapanga: ipi ya kulipia kiingilio, na ipi ya kuiacha ipite. Swali hilo si la watu wa Ulaya na Marekani peke yao. Linatuhusu sisi wa Mara, tena pengine kuliko wao.

Wilayani Tarime na Serengeti, wengi wetu hatuchagui kwa kusoma tangazo la jumba la sinema. Tunachagua mlangoni mwa kibanda cha video, kwa kutazama picha iliyobandikwa ukutani na kusikiliza sifa za mwenye kibanda. Ndani tunakuta mapigano ya Hong Kong na mapenzi ya Bombay, na mfasiri hodari akitusimulia kwa Kiswahili chenye viungo vyake. Ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara na Rukuba wanaijua hali hiyo. Hatuna ugomvi na burudani hiyo hata kidogo. Mtu aliyevua dagaa usiku kucha, au aliyeshika jembe tangu alfajiri, anayo haki ya kucheka na kusahau taabu zake.

Tunalouliza ni hili: je, katika picha zote hizo, ni lini tunajiona sisi wenyewe?

Mwaka 1959 ilitoka sinema ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael juu ya Serengeti. Michael alikufa katika ajali ya ndege Januari ya mwaka huohuo, na mwaka 1960 sinema hiyo ilipata tuzo ya Oscar. Tangu hapo nyumbu na simba wetu wamekuwa mashuhuri duniani kote. Jambo hilo ni jema, na limeiletea nchi fedha na heshima. Lakini wakazi wa pembezoni mwa mbuga hiyo, pamoja na watoto wao, walingoja miaka mingi kabla ya kamera kuwageukia kwa makini kama hayo.

Kamera iligeuka mwaka 2018, Giselle Portenier wa Kanada alipotoa sinema iitwayo In the Name of Your Daughter. Humo wanaonekana wasichana wa Mara wanaotoroka makwao ili wasikeketwe, na mama Rhobi Samwelly anayewapokea katika nyumba salama mjini Mugumu. Sinema hiyo imeonyeshwa katika nchi za mbali. Sisi tunauliza ni vijiji vingapi vya Tarime na Serengeti vimekwisha kuiona. Yaliyoelezwa humo ni yetu, basi na watazamaji wake wa kwanza walipasa kuwa sisi.

Hapa ndipo umuhimu wa msimu unapojitokeza. Kwetu ukeketaji hufanyika zaidi mwezi Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Wazee wa mila hushauriana mapema, mifugo hutengwa, na sherehe hupangwa. Picha inayoonyeshwa Januari huwakuta wasichana wakiwa wamekwisha kuumizwa. Inayoonyeshwa mwezi Oktoba huwakuta baba, mama na mzee wa ukoo wakiwa bado na nafasi ya kubadili uamuzi.

Hatusemi kwamba hakuna kilichofanyika. Sheria ya mwaka 1998 inaharamisha kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake inafikia kifungo cha miaka 15. Vipo vituo vya kuwapokea wasichana, kama kile cha Masanga wilayani Tarime. Kitaifa, wanawake waliokeketwa walikuwa asilimia 18 mwaka 1996, na uchunguzi wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 10. Hata hivyo, uchunguzi huohuo ulikuta asilimia 32 katika Mkoa wa Mara. Ni dhahiri basi kwamba sheria peke yake haikutosha. Polisi huweza kumkamata ngariba, lakini hawawezi kumkamata jirani anayemcheka binti asiyekeketwa, wala kijana anayeapa kwamba hatamwoa. Fikra za namna hiyo hubadilika kwa mazungumzo, na sinema njema huyaanzisha mazungumzo hayo.

Wapo watakaosema kwamba sinema za wageni hutudhalilisha. Hoja hiyo ina uzito, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Dawa yake ni kutengeneza zetu, na uwezo tunao. Mwaka 1985 Nangayoma Ng'oge, akishirikiana na Ron Mulvihill, alitoa Arusi ya Mariamu, iliyozungumzia uganga wa jadi bila kuudharau. Mwaka 2021 Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi wa Zanzibar, ilionyeshwa Toronto ikisema Kiswahili bila haya. Kijana wa Nyamongo au wa Nansio akiiona picha kama hiyo, atajua kwamba habari za kwao nazo zinastahili kamera.

Wengine watauliza kuhusu usalama wa wasichana wanaoonekana katika picha. Hilo ni la msingi. Mtoto aliyekimbia asianikwe mbele ya kijiji alichokikimbia. Ridhaa ya wahusika na ya wanaowalea itangulie, na pasipokuwa na ridhaa, picha isionyeshwe mahali hapo.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa viongozi wa wilaya zetu mbili. Kamati za wilaya zinazohusika na filamu zisikae tu kungoja kukataza picha mbaya, bali zipendekeze zilizo njema. Halmashauri zitoe gari, turubai na jenereta mwezi Oktoba, zizunguke Sirari, Nyamongo, Mugumu na vijiji vya jirani. Wenye vibanda na wafasiri wao washirikishwe, kwa kuwa wao ndio wanaojua namna ya kumshika mtazamaji. Wazee wa mila waalikwe na kupewa viti vya mbele, na picha ikiisha wawe wa kwanza kupewa nafasi ya kusema.

Kwa ndugu wa visiwani tuna ombi pia. Miongoni mwa wavuvi walioko kwenu wamo vijana wa Mara, kaka na wajomba wa wasichana tunaowazungumzia. Desemba watarudi makwao, na neno lao litasikilizwa. Waonyesheni picha hizi kabla hawajapanda mashua.

Basi msimu huu tuchague kwa busara. Tukiangalia picha mbili za kutuchekesha, ya tatu iwe ya kutufikirisha. Kiingilio chake hakizidi cha zile nyingine, na huenda ikamwepusha binti mmoja na wembe.