Joto la paji la uso si joto la ndani ya mwili

Wakaaji wa Bunia wanakumbuka bado gonjwa la Ebola la 2018 hadi 2020. Barabarani na kwenye uwanja wa ndege, msafiri alinawa mikono, kisha akaelekezewa kwenye paji la uso chombo kidogo cha kupima joto.

Chombo kile kilisaidia, kwa sababu kinapima bila kumgusa mtu. Lakini kinasoma joto la ngozi peke yake. Jua kali, jasho au upepo wa pikipiki vinaweza kubadili namba. Tena, mtu anaweza kubeba virusi vya Ebola hadi siku 21 bila kuwa na homa.

Katika maabara za ng'ambo, watafiti wanatafuta njia ya kupima joto ndani kabisa ya nyama ya mwili. Wanaingiza chembe ndogo zisizoonekana kwa macho na kuzimulikia mwanga unaopenya ngozi. Chembe hizo zinarudisha mwanga unaobadilika kufuatana na joto. Wamejaribu kwa panya. Siku moja inaweza kusaidia kuua uvimbe wa kansa kwa joto bila kuunguza nyama nzima iliyo jirani.

Kazi hiyo iko bado maabarani, lakini funzo lake linafaa leo: namba ya paji la uso haitoshi. Kila kituo cha afya kinahitaji kipimajoto cha kwapani, kipimo cha haraka cha malaria, na muuguzi mwenye muda wa kumsikiliza mgonjwa. Viongozi wa afya wa Ituri wavifikishe hadi vijijini. Na mzazi asidanganywe na namba: mtoto akilegea au akikataa kunyonya, apelekwe mara moja, hata kama paji lake ni baridi.