TAHARIRI: Hajameza ulimi, njia ya hewa imeziba

“Kameza ulimi!” Hakuna shabiki wa soka nchi hii ambaye hajawahi kuisikia kelele hiyo. Wachezaji wawili wamegongana vichwa wakigombea mpira wa juu, mmoja kanyanyuka, mwenzake kabaki chini, kimya. Benchi linakimbia, mashabiki nao wameshavuka kamba. Mmoja anaitisha kijiko, mwingine kashaingiza vidole mdomoni mwa majeruhi, wa tatu anammwagia maji usoni. Na muda unakwenda.

Tuambizane ukweli: ulimi haumezwi. Mtu akizimia misuli yake yote inalegea, ulimi ukiwemo. Akiwa amelala chali, ulimi na nyama laini za koo vinaangukia nyuma na kuziba njia ya hewa. Kijiko hakihitajiki hapo, na vidole ni hatari, maana anaweza kuving’ata au ukasukuma jino lililovunjika likaingia ndani zaidi. Mwaka 2017, Francis Koné wa Togo alipewa tuzo ya FIFA ya mchezo wa kiungwana baada ya kumuokoa kipa wa timu pinzani kule Jamhuri ya Czech kwa kuingiza vidole mdomoni. Tulimpigia makofi na moyo wake ulistahili. Lakini njia ile si ya kuigwa.

Kinachotakiwa ni kusukuma taya la chini kwenda mbele ili ulimi uachie njia, shingo ikiwa imetulizwa kama kagongwa kichwa. Kama anapumua, alazwe ubavu kwa uangalifu. Kama hapumui, kifua kianze kukandamizwa pale pale. Ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika nne au tano unaanza kuharibika. Dakika nne! VAR huwa inakula muda kama huo kuangalia kama straika kaotea kwa kidole cha mguu.

Tunaandika haya tukiitazama Handeni na Korogwe. Hawa si wageni wa soka. Mgambo Shooting ya Kabuku, Handeni, ilikuwa Ligi Kuu mpaka msimu wa 2015/16, ule msimu mchungu ambao Tanga ilishusha timu zake zote tatu kwa mpigo: Mgambo, Coastal Union na African Sports. Timu zikishuka mpira hausimami. Vijana wanaendelea kukipiga kwenye viwanja vya shule na vya vijiji, kombe la diwani leo, kombe la mbunge kesho. Huko hakuna gari la wagonjwa pembeni ya uwanja. Mara nyingi daktari wa timu ni kijana mwenye chupa ya maji na kopo la dawa ya kupuliza.

Sasa piga hesabu. Handeni mpaka Korogwe ni kilomita 65. Kutoka Korogwe mpaka Hospitali ya Bombo, Tanga mjini, ni karibu kilomita 100. Hata dereva awe na mguu mzito kiasi gani, dakika nne hazimfikishi popote. Mchezaji anaokolewa pale alipoangukia, au haokolewi.

Ndiyo maana tunataka wadau wa soka wakijue kifaa kimoja ambacho madaktari wa usingizi wanacho siku nyingi. Kinakaa juu ya mlango wa koo la hewa bila kuingia ndani yake. Wengine wanakiita barakoa ya koo. Ni mrija wenye kichwa laini mfano wa kijiko kipana: unaingizwa mdomoni, unatelezeshwa mpaka nyuma ya koo, kichwa kile kinakaa kuuzunguka mlango wa hewa, kisha hewa inasukumwa kwa mfuko wa ambu. Aliyekibuni ni daktari Mwingereza, Archie Brain, mwaka 1981. Siku hizi kuna aina kama i-gel ambazo hazihitaji hata kujazwa upepo.

Faida yake ni urahisi. Kupitisha mpira ndani kabisa ya koo la hewa ni kazi ya fundi aliyeifanya mara nyingi, mwenye taa na mkono uliotulia. Barakoa ya koo mhudumu wa afya anaweza kuijua kwa mafunzo mafupi zaidi. Na hatusemi kishabiki. Uingereza waliwapima wagonjwa 9,296 ambao moyo ulisimama wakiwa nje ya hospitali, matokeo yakatoka 2018. Waliowekewa kifaa hiki hawakufanya vibaya kuliko waliopitishiwa mpira kooni, na hewa iliingia mapafuni katika majaribio ya mwanzo kwa asilimia 87, dhidi ya 79.

Lakini tusidanganyane. Kifaa hiki si cha kocha wala cha nahodha. Ni cha mhudumu aliyefundishwa, na kinawekwa kwa mtu aliyezimia kabisa. Mwenye fahamu kidogo atatapika, matapishi yaingie mapafuni, uwe umemuongezea tatizo. Pia hakizuii matapishi kwa uhakika kama mpira wa ndani ya koo. Na kama moyo ndio uliosimama, hewa peke yake haitoshi: kifua kikandamizwe na mashine ya kuushtua moyo iletwe.

Hatujasahau Desemba 4, 2016. Ismail Khalfan, kijana wa miaka 19 wa Mbao FC, alifunga bao dhidi ya Mwadui kwenye ligi ya vijana pale Kaitaba, Bukoba. Dakika chache baadaye alianguka na hakuamka tena. Hatudai kwamba kifaa fulani kingemrudisha. Tunachosema ni kwamba kifo kile kilitakiwa kibadilishe namna tunavyoandaa mechi mpaka ngazi ya kijiji.

Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka mwaka 2012 akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham. Moyo wake ulisimama dakika 78, na yupo hai mpaka leo. Mmoja wa waliomkimbilia alikuwa daktari wa moyo aliyekuja uwanjani kama shabiki tu. Ule haukuwa muujiza mtupu. Kulikuwa na watu wanaojua la kufanya na vifaa vilikuwa karibu.

Kwa hiyo tunatoa hoja. Handeni na Korogwe zina halmashauri nne, na kila moja ina wahudumu wa afya na vyama vya soka vinavyoandaa mashindano. Wakae meza moja na TRFA kabla ya msimu ujao wa makombe. Mosi, kombe lolote lenye zawadi lisipigiwe filimbi kama hakuna mhudumu wa afya uwanjani mwenye mfuko wa ambu na barakoa za koo za saizi tofauti, na aliyefundishwa kuzitumia. Pili, makocha, manahodha na marefa wafundishwe kusukuma taya, kulaza ubavu na kukandamiza kifua. Tatu, gari moja, hata kama ni la mwanachama, liwe limeegeshwa likitazama barabara, na dereva wake ajulikane.

Waheshimiwa wanaotoa jezi, mipira na ng’ombe wa ubingwa, tunawashukuru. Safari hii ongezeni boksi la vifaa vya kuokoa pumzi na siku moja ya mafunzo. Bingwa ataendelea kula ng’ombe wake, na vijana wote 22 watarudi nyumbani kwa mama zao.