Ubishi wa CD na MP3: Nani Anayeiua Nanga?

Umezuka ubishi katika mji wa Bukoba, na sasa umekwisha fika hadi Muleba, kuhusu muziki tunaousikiliza kila siku katika simu na katika magari ya abiria. Upande mmoja wapo wanaodai kwa kiburi kwamba muziki wa kweli ni ule uliomo katika CD, na kwamba faili za MP3 ni takataka zinazoharibu masikio ya wananchi. Upande wa pili wapo wanaojibu kwa kejeli kwamba hao wa kwanza ni wagonjwa wa kasumba ya kupenda vitu vya gharama, kwani namba ni namba, na wimbo ni wimbo. Nimeusikia ubishi huu katika stendi ya Bukoba, nimeusikia Kemondo, na hivi karibuni nimeusikia Kamachumu katika nyumba ya msiba, mahali ambapo watu wazima walipaswa kuwa na mambo mengine ya kuzungumza.

Nathubutu kusema kwamba pande zote mbili zimepotoka, na kwamba wakati zinapoendelea kutambiana, mali yetu inateketea.

Tuanze na hao wa CD. Chombo hicho kilipoanza kuuzwa mwaka 1982, kwa kazi ya makampuni ya Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani, kilikuja na kipimo kimoja kisichobadilika. Sauti hupimwa mara 44,100 katika kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, kwa upande wa kushoto na kwa upande wa kulia. Ukizidisha utapata biti zaidi ya 1,400,000 kwa sekunde, yaani karibu megabaiti 10 kwa dakika moja. Idadi hiyo haikuokotwa njiani. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo hadi kama 20,000 kwa sekunde, na kanuni ya elimu hii inataka vipimo viwe zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa hiyo CD iliyorekodiwa vyema hubeba yote ambayo sikio linaweza kuyapokea. Hadi hapo ndugu zetu hao wana haki.

Lakini hebu tuwaulize: CD mnayoisifu ni ipi? Ni ile inayotembezwa mikononi mjini Bukoba, yenye picha za wasanii kumi na wawili juu ya karatasi, na maandishi makubwa kwamba ndani zimo nyimbo 150? Hesabu ya shule ya msingi inatosha kuyaumbua madai hayo. Sahani ya kawaida hubeba muziki wa CD wa dakika 74 hadi 80, basi. Nyimbo 150 za dakika nne nne ni dakika 600, sawa na saa kumi. Saa kumi haziwezi kuingia katika nafasi ya dakika 80 isipokuwa zimebanwa, na kilichomo humo si kingine ila MP3 zilezile wanazozitukana, zilizovikwa kanzu ya CD. Hata ile yenye nyimbo 18, inayokubali kupigwa katika redio ya zamani, mara nyingi imechomwa kutoka katika MP3 zilizookotwa huku na huko. Kilichokwisha kutupwa hakirudi kwa sababu tu umekitia katika chombo kikubwa zaidi. Kikombe cha maji kikimiminwa katika ndoo hakiwi ndoo ya maji.

Sasa tuwageukie hao wa pili, ambao kosa lao ni kubwa zaidi, kwa sababu baadhi yao wamekabidhiwa dhamana.

MP3 ni kazi ya wataalamu kadhaa, na wanaotajwa zaidi ni wale wa taasisi ya Fraunhofer, katika mji wa Erlangen, Ujerumani, akiwamo Karlheinz Brandenburg. Waliifanya katika miaka ya mwisho ya 1980 na ya mwanzo ya 1990, na jina hilo la MP3 lilianza kubandikwa kwenye faili mwaka 1995. Wazo lao lilikuwa la busara. Sikio halisikii kila kinachopigwa. Ngoma kubwa ikilia harusini, kikohozi cha mzee aliyeketi karibu nayo humezwa; kikohozi kimetoka, lakini hakuna aliyekisikia. Basi, wakasema, kwa nini tuhifadhi kikohozi hicho? Mashine ikafundishwa kukadiria ni sauti zipi zinazomezwa na wenzake, na kuzitupa, au kuziandika kwa uzembe ambao sikio halitautambua. Kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, faili huwa kama sehemu moja ya kumi na moja ya CD. Brandenburg mwenyewe amesimulia jinsi alivyoupima uvumbuzi huo kwa wimbo wa Suzanne Vega uitwao "Tom's Diner", ambao ni sauti ya mwanamke peke yake bila ala, kwa kuwa kasoro zilijitokeza humo bila mahali pa kujificha.

Anayesema kwamba "namba ni namba" hajui kwamba namba nyingi zimekwisha tupwa kabla hajaanza kusikiliza. Hata hivyo, hapana budi kusema kweli hata inapowafaa wapinzani: kazi ikifanywa kwa uangalifu, upotevu huo hausikiki. Mimi nilijaribu. Nilichukua CD halisi ya muziki wa dansi, nikatengeneza faili za kilobiti 320, 128 na 64, nikawakusanya wenzangu katika chumba kimoja huko Kashai, nikawapigia bila kuwaambia ipi ni ipi. Nilihakikisha zote zina nguvu ileile ya sauti, maana binadamu hukipenda kinachopigwa kwa sauti kubwa zaidi akidhani ndicho bora, na ubishi mwingi wa vijiweni huamuliwa na kitufe hicho tu. Kati ya CD na kilobiti 320 hakuna aliyeweza kutofautisha ila kwa kubahatisha, hata yule bingwa wa maneno aliyekuwa akiapa kwamba husikia tofauti akiwa jikoni. Kwa kilobiti 128 walianza kusitasita. Kwa kilobiti 64 hakukuwa na swali: matoazi yalikuwa yakilia kama mvua ya mawe juu ya bati, na sauti ya mwimbaji ilikuwa kama inatoka chini ya maji.

Kwa hiyo anayesikiliza faili nzuri katika simu, ndani ya gari liendalo Muleba, hapungukiwi chochote kwa kukosa CD. Spika ya simu yenyewe haiwezi kutoa mlio mzito wa ngoma, hata ukiilisha CD kumi. Mtu huyo aachwe asikilize kwa amani.

Lakini wimbo wa dansi ulionunuliwa ni jambo moja, na sauti ambayo haina nakala nyingine duniani ni jambo jingine kabisa. Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia, na kwa bahati mbaya hapana budi nianze na kosa langu mwenyewe.

Mjomba wangu wa Kamachumu alikuwa mpiga nanga. Kwa msomaji asiyeijua, nanga ni ubao uliochongwa ukawa na umbo kama la hori, ukapitishwa uzi kwenda na kurudi, na mpigaji huukwanyua kwa vidole huku akighani habari za mashujaa kama Kachwenyanja, nao wasikilizaji wakimwitikia. Mwaka 1986 ndugu mmoja aliyerudi kutoka Dar es Salaam na redio kaseti alimrekodi usiku mmoja, pande mbili za kaseti. Mjomba alifariki mwaka 1999. Mwaka 2013, nikiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu na nikijiona msomi, niliipeleka kaseti hiyo katika kibanda kimoja cha kuingizia nyimbo, ili jamaa wote waipate katika simu zao. Kijana wa kibandani akaniuliza, "Kaka, nizibane zikae nyingi?" Nikamwambia abane. Ukanda wa kaseti ulikuwa umeanza kukwama, nami nikaiacha palepale. Sikuirudia.

Nilipompigia mjane wake faili hilo, mama huyo alisikiliza kwa muda mrefu, kisha akasema: "Mwanangu, sauti ni yake, lakini vidole si vyake."

Sina elimu inayoweza kulisema jambo hilo vizuri kuliko yeye. Ninachoweza ni kueleza sababu. MP3 huikata sauti katika vipande vidogo, kila kimoja kama sehemu moja ya arobaini ya sekunde, na makosa ya ubanaji husambazwa ndani ya kipande kizima. Kwa kinanda cha kanisani, ambacho mlio wake ni mrefu na wa taratibu, hakuna madhara. Lakini uzi unapokwanyuliwa, ukimya huvunjika ghafla, na biti zikiwa chache, makosa huvuja hata upande wa nyuma, kabla ya kidole kugusa uzi. Msikilizaji husikia mlio uliotanguliwa na kivuli chake. Kila kinacholia kwa kushtukiza huathirika hivyo: uzi wa nanga, makofi ya waitikiaji, njuga za miguuni, kijiti juu ya ngozi ya ngoma. Yaani, vitu ambavyo ndivyo muziki wa Kihaya wenyewe!

Na ubanaji huo haufanyiki mara moja. Chukueni nyimbo za Saida Karoli, mzaliwa wa Bukoba, ambaye "Chambua Kama Karanga" yake ilivuma nchini kote mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati ambapo kaseti bado ilikuwa ndiyo chombo cha wengi. Vijana wengi waliokuja kumjua mwaka 2016, Diamond Platnumz alipoutoa "Salome", walikwenda kuzitafuta za awali. Wamezipata vipi? Mtu fulani aliigeuza kaseti kuwa MP3. Mwingine akaipandisha YouTube, ambako ilibanwa upya. Wa tatu akaishusha na kuigeuza tena kuwa MP3, wa nne akaipunguza ili ienee katika memori kadi, na msikilizaji akaipeleka katika spika ya bluututhi, ambayo nayo hubana mara nyingine njiani. Kila mbanaji hutupa kile anachodhani hakisikiki, bila kujua kwamba waliomtangulia wamekwisha kutupa. Vijana wa vibandani siwalaumu sana. Wanatafuta riziki, na suala la haki za msanii lina sheria yake ya mwaka 1999 na lina COSOTA. Saida Karoli bado ana kaseti na CD zake zilizotawanyika katika kabati za watu. Mjomba hana.

Ninaowalaumu ni wale wenye dhamana. Kuna kwaya moja ya Muleba iliyorekodi nyimbo zake katika studio ambayo sitaitaja. Walipotaka kuzitoa upya, wakaambiwa kwamba rekodi za asili zilifutwa ili kupata nafasi, na kilichobaki ni MP3 za kilobiti 96. Mwimbishaji wao alikuwa amekwisha kuzikwa. Udhuru wa nafasi ni wa kizembe. Saa moja ya sauti ya kiwango cha CD haifiki megabaiti 650. Diski moja ya terabaiti moja, ambayo hukaa katika mfuko wa shati, hubeba zaidi ya saa 1,500 za sauti hiyo bila kubanwa hata kidogo. Na kwa anayeona hilo ni zito, tangu mwaka 2001 ipo FLAC, ambayo hupunguza ukubwa hadi karibu nusu bila kutupa hata biti moja, kama mtu anayekunja shati badala ya kulikata mikono. Haidaiwi ada yoyote.

Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikamilisha mwaka 1986 tasnifu yake juu ya tendi za nanga za Wahaya, na shukrani kwake, maneno mengi yamesalimika katika maandishi. Vidole haviandikwi kwenye karatasi. Vimo katika kanda za kaseti zilizomo chini ya vitanda, Kiziba, Kanyigo, Ihangiro, na katika kanda za iliyokuwa Redio Tanzania, ambazo Shirika la Utangazaji lilizirithi huko Dar es Salaam. Kila kanda itahamishwa mara moja tu, maana nyingine hazitastahimili mara ya pili, na atakayeihamisha ndiye atakayeamua wajukuu wetu wasikie nini.

Basi, ninawataka maafisa utamaduni wa Bukoba na Muleba, na wakuu wa vituo vya redio vya mkoa huu, watoe amri moja iliyo wazi: kanda yoyote iletwayo ihamishwe bila kubanwa, nakala mbili ziwekwe katika majengo mawili, na MP3 itengenezwe baadaye kwa ajili ya kusambaza. Na kanda yenyewe irudishwe kwa mwenyewe, isitupwe.

Nimeambiwa kwamba usiku ule wa mwaka 1986 palikuwa na redio kaseti nyingine, iliyowekwa dirishani na mgeni aliyetoka upande wa Muhutwe. Nimekwisha kwenda huko mara mbili bila kumpata. Kama yupo msomaji ambaye katika nyumba yake kuna kaseti ya mpiga nanga wa Kamachumu, ambamo mbwa anabweka katikati ya upande wa pili, namwomba asiipeleke kibandani. Aiweke mahali pakavu, mbali na jua, nami nitaifuata.