Acheni Kutuvisha Rangi ya Uji

Nimechoka na rangi ya uji. Nimechoka na zile video za kabati lenye nguo kumi na mbili, zote krimu, kijivu na rangi ya mchanga, huku sauti tamu ikituambia kwamba hiyo ndiyo nadharia ya rangi, ndiyo njia ya kuonekana una pesa. Manze, nadharia ya rangi haisemi hivyo. Hizo ni habari za pesa, rangi zimesingiziwa tu.

Nina sababu ya kukasirika. Mwaka jana niliitwa na watu fulani kuzungumzia kazi ya kuandika. Nilivaa koti langu la rangi ya machungwa, la Gikomba, na suruali nyeusi. Madam aliyenihoji alikuwa amesoma kazi zangu na akazisifu. Kisha akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba rangi zangu zinapiga kelele na wateja wao wanapenda watu waliotulia. Hadi leo simu haijalia. Nami, mjinga, malipo ya makala iliyofuata, elfu tatu nzima, yaliishia kwa blauzi mbili za krimu na suruali ya rangi ya mchanga.

Zilidumu wiki mbili. Krimu ni rangi ya mtu mwenye gari. Ipandishe matatu mwezi wa Aprili, uvuke nayo tope la Pipeline, uifue kwa maji ya mtungi uliyonunua, halafu uniambie kuhusu utulivu.

Sasa nadharia yenyewe. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alipewa kusimamia idara ya kutia rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kilichofuma mazulia ya ukutani. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Chevreul alichunguza, akakuta nyuzi hazina makosa. Shida ilikuwa jirani. Nyeusi ikifumwa kando ya bluu au zambarau, jicho linaiona kama imepauka, kwa sababu kila rangi inaisukuma jirani yake kuelekea upande wa pili wa duara la rangi. Alitoa kitabu kizima juu ya hilo mwaka 1839.

Ukishaelewa hilo, hebu fikiria suruali nyeusi ya mtumba iliyofuliwa mpaka ikaanza kuwa na kutu. Ukiivaa na shati la bluu, kutu inazidi kuonekana. Ivae na kitu cha rangi ya machungwa, na weusi unarudi. Kumbe siku ile ya kuhojiwa suruali yangu ilionekana nyeusi kuliko ilivyostahili!

Hapa ndipo hawa walimu wa krimu wananiudhi zaidi. Mwenye hela hahitaji nadharia sana, anaagiza kila kitu kikiwa kinafanana. Ni sisi tunaoihitaji. Gikomba huendi na orodha. Kama huna pesa ya kamera, zile nguo za kwanza kuchaguliwa mzigo ukifunguliwa, unangoja fagia, na fagia haikuulizi unapenda rangi gani. Unarudi na koti la machungwa kwa sababu ndilo lililokutosha, kisha unaanza kulitafutia majirani. Johannes Itten, aliyefundisha Bauhaus kuanzia 1919, alishauri machungwa moja kwa bluu mbili, ndipo zitulie. Yaani hata zinazopingana huwa zinatulia, ni suala la kipimo. Koti lenyewe ni kubwa? Basi lifunge, liwe machungwa tupu, na bluu iwe kidogo tu. Au liache wazi, bluu ya ndani na ya suruali ijaze nafasi.

Na msiniletee ile biashara ya misimu. Carole Jackson wa Marekani aligawa watu katika misimu minne kwa kitabu chake cha 1980, na sisi weusi karibu wote tukatiwa kapu la msimu wa baridi. Binamu yangu ni mweupe kama mandazi, mimi ni mweusi ti. Eti tuvae sawa? Wakati huohuo Pwani kina mama wana kisutu, leso ya harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe, ukali wote kwa kitambaa kimoja, na hakuna anayewaambia bibi harusi wanapiga kelele.

Krimu nilimuuzia jirani. Jumamosi nilirudi Gikomba nimevaa koti langu, kwa yule mathe aliyeniuzia. Alinitazama, akachomoa skafu ya bluu ya giza kwenye rundo, akaniwekea shingoni, akarudi nyuma hatua mbili.

"Siste, sasa uko sawa," akasema. "Leta mia."

Nikampa hamsini, akachukua.