Maiti ya mabua

NYUMA YA MSAFARA
Na Rehema Kasanda

Mpwa wangu wa darasa la nne aliniuliza juzi: "Shangazi, hongo ni nini?" Nikamjibu bila kufikiri: rushwa. Baba yangu, aliyekuwa akinywa chai kibarazani, akacheka. "Zamani haikuwa ya kufichwa," akamwambia mjukuu wake. "Msafara ukipita kwa mtemi ulitoa nguo na shanga mchana kweupe. Ulikuwa ushuru wa njia." Mtoto akauliza hayo yameandikwa wapi. Babu akanigeukia mimi.

Nikazunguka kwa wauza vitabu hapa Tabora. Mitihani iliyopita, tele. Vitabu vya dini, tele. Hadithi za sungura hazikosekani. Lakini cha mtoto kuhusu njia hii ya misafara tunayoikanyaga, sikukipata.

Si kwamba njia haikuandikwa. Msafiri Burton alifika Kaze, Tabora hii hii, Novemba 1857, akawaandikia Waingereza wenzake. Mfanyabiashara Tippu Tip, ambaye baba yake alilowea huku Unyanyembe, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Yakachapwa Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1900. Wajerumani wameyasoma kabla ya wajukuu zetu.

Tatizo letu ni kupanga kila kitu kwenye rafu yake: historia ya mitihani, ushairi wa washairi, hadithi za watoto wadogo. Njia ya misafara haikuvitenga. Pori lililotisha wapagazi kati ya Ugogo na Unyanyembe liliitwa Mgunda Mkali. Jina hilo pekee ni nusu ya shairi. Nusu iliyobaki ipo miomboni kila mwaka, miti inapochipua majani mekundu kabla ya tone la kwanza la mvua.

Hadithi je? Chukueni ya Chuma na Susi, watumishi wa msafiri Livingstone. Mwaka 1873 wao na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone kuelekea pwani. Walipumzika Kwihara, hapa Unyanyembe, wakaendelea hadi Kasekera, na huko wenyeji wakakataa maiti isipite. Basi wakaufunga upya mwili ufanane na robota la nguo. Kisha wakakata mabua ya mtama, wakayaviringisha kama maiti, watu sita wakajitwika na kurudi nayo kuelekea Unyanyembe, eti wanakwenda kuzika. Usiku wakayatupa mabua porini, bua moja moja, wakarudi kimya kimya kwa wenzao. Februari 1874 robota lile likafika Bagamoyo. Abunuwasi mwenyewe angewavulia kofia.

Wapo watakaosema mambo haya hayachanganyiki. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Dodoma mwaka 1917, aliyachanganya. Aliandika historia na mila za Wagogo, akatunga diwani, kisha akatuachia ngonjera zilizokuja kughaniwa na watoto wa shule kwenye viwanja vyenye vumbi. Hata jina lake masikioni mwetu linalia kama mnyampara, yule msimamizi wa wapagazi.

Ombi langu ni dogo. Walimu wastaafu wa Tabora wanaijua historia. Warina asali wanaujua msitu, kila mti na nyuki wake. Washairi tunao. Wakutanishwe, watoe kitabu kimoja chembamba chenye picha, kiuzwe mlangoni pa makumbusho ya Kwihara na kipelekwe kwenye shule zilizo kando ya njia, kuanzia hapa mpaka Ujiji. Mpagazi alibeba frasila mbili, karibu kilo 32, kwa miezi. Kitabu cha kurasa sitini hakitatuvunja mgongo.

Wakati tukisubiri, nilimsimulia mpwa wangu kisa cha Kasekera. Asubuhi nikamkuta uani, ameviringisha mabua kwenye kanga ya mama yake na kuyafunga kamba sehemu tatu. Mdogo wake akasogea kutaka kufungua.

"Acha," akamwambia. "Hiyo siyo yenyewe."